Urani, Mionzi na Bakteria: Swali Moja katika Maabara Tatu

1. Utangulizi

Karibu kilomita 20 magharibi ya mji wa Likasi, katika Katanga ya Juu, kuna mgodi wa Shinkolobwe. Urani yake ilitambuliwa mwaka 1915. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuichimba mwaka 1921, na kuanzia mwaka 1922 mawe yake yalisafishwa Olen, nchini Ubelgiji, ili kupata radiumu, ambayo wakati ule ilitafutwa sana kwa ajili ya kutibu kansa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, sehemu kubwa ya urani ambayo Marekani ilitumia kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945 ilitoka hapo. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Habari hizi zinajulikana, na wanahistoria wameziandika mara nyingi.

Jambo ambalo halijaelezwa vya kutosha kwa Kiswahili ni lile linalofuata historia hiyo. Kufunga shimo si kuondoa jiwe. Miaka mingi baada ya 1960, wachimbaji wa mikono walirudi Shinkolobwe, si kwa ajili ya urani, bali kwa ajili ya kobalti iliyochanganyika nayo. Mwaka 2004 serikali ilipiga marufuku uchimbaji huo, na mwezi wa Julai mwaka huo huo shimo liliporomoka na kuua watu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliofika baadaye mwaka huo walionya juu ya hatari ya maporomoko mengine, na pia juu ya uwezekano wa watu kupata mionzi kidogo kidogo kwa muda mrefu.

Makala haya yanahusu swali moja tu: urani iliyobaki katika udongo, katika malundo ya mabaki na katika vumbi, itakaa mahali pake au itafuata maji, na ikimfikia mtu itamdhuru kwa njia gani? Swali ni moja, lakini jibu lake limegawanyika katika maabara tatu: ya kemia ya madini, ya unururifu wa mazingira, na ya jenetiki ya bakteria. Tutazipitia moja baada ya nyingine, kisha tutaonyesha kwa nini hakuna hata moja inayotosha peke yake.

2. Maabara ya kemia: urani inayokaa na urani inayosafiri

Mkemia huanza na hali ya atomu. Katika maumbile, urani huonekana katika hali kuu mbili. Katika hali ya kwanza atomu yake imepoteza elektroni nne. Katika hali ya pili imepoteza elektroni sita. Kwa ufupi tutaziita urani-nne na urani-sita. Tofauti ya elektroni mbili huonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama kisima kitachafuka au la.

Urani-nne hupatikana katika jiwe jeusi na zito liitwalo uraniniti. Jiwe hilo haliyeyuki kwa urahisi katika maji. Chini kabisa ya ardhi, mahali pasipo na hewa, linaweza kukaa kwa muda mrefu mno bila kusogea. Likifikiwa na hewa na maji ya mvua, urani-nne hupoteza elektroni mbili zaidi na kuwa urani-sita. Hii hujishikamanisha na oksijeni, na hasa ikikutana na kaboneti iliyomo majini, huyeyuka na kusafiri pamoja na maji.

Kwa hiyo mchimbaji anapolitoa jiwe jeusi shimoni na kuliacha juani, hajalihamisha tu. Amelifungulia mlango wa kubadilika. Rangi huonyesha badiliko hilo. Madini ya urani-sita ya Katanga ni ya manjano, ya machungwa na ya kijani, na yamepamba majumba mengi ya makumbusho duniani. Kati ya mwaka 1921 na 1924, Alfred Schoep wa Chuo Kikuu cha Gent aliyaeleza kadhaa yasiyokuwa yakijulikana kabla yake. Baadhi aliyapa majina ya wanasayansi wa unururifu, kama kuriti kwa jina la Curie na bekereliti kwa jina la Becquerel. Jingine, kasoliti, lilichukua jina la mahali penyewe, Kasolo.

Si kila urani-sita husafiri. Ikikutana na fosfati, hutengeneza madini yasiyoyeyuka kwa urahisi. Ikipita juu ya kutu ya chuma iliyomo katika udongo wetu mwekundu, sehemu yake hunata hapo. Ndiyo maana wakemia hutengeneza vitu vya kuchujia maji kwa kutumia fosfati au oksaidi za chuma. Hata hivyo kunata si kufungwa milele: maji yakiongezeka tindikali, au kaboneti ikizidi, kilichonata huweza kuachia.

3. Maabara ya unururifu: ukoo wa urani

Mwanafizikia halitazami jiwe kwa namna hiyo. Kwake urani ni mzazi wa ukoo mrefu. Urani-238 hupasuka polepole sana: nusu ya atomu zake huhitaji miaka bilioni 4.5 ili kupasuka. Kila inayopasuka huzaa atomu nyingine, nayo huzaa nyingine, hatua kumi na nne, mpaka kufikia risasi-206 ambayo haipasuki tena. Katika ukoo huo wamo radiumu-226, ambayo nusumaisha yake ni miaka 1,600, na radoni-222, ambayo nusumaisha yake haifiki siku nne.

Kadiri nusumaisha inavyokuwa fupi, ndivyo mionzi inavyokuwa mingi kwa uzito ule ule. Gramu moja ya urani-238 ina mipasuko kama 12,400 kwa sekunde. Gramu moja ya radiumu ina mipasuko bilioni 37. Kwa hiyo katika mgodi, sehemu kubwa ya mionzi hutoka kwa vizazi vya urani kuliko urani yenyewe. Radoni ndiyo ya kuogopwa zaidi kwa sababu ni gesi. Hutoka katika jiwe, hujaa katika shimo lisilopitisha hewa, huvutwa kwa pumzi, na vizazi vyake hubaki mapafuni.

Vipimo vya maabara hii vinahitaji subira. Sampuli ya udongo hukaushwa, husagwa, kisha hufungwa katika chombo kisichopitisha hewa kwa majuma kama manne. Sababu ni kwamba chombo kikiwa wazi radoni itatoroka, na hesabu ya vizazi vinavyoifuata itakuwa ya uongo. Baada ya hapo sampuli huwekwa karibu na kipimo cha jermani kilichopozwa kwa naitrojeni kioevu, na kila kizazi hutambulika kwa nishati ya mionzi yake ya gama. Kongo si mgeni katika elimu hii: tanuri la kwanza la nyuklia barani Afrika liliwashwa Kinshasa mwaka 1959, na la pili, TRICO II, lilifanya kazi kuanzia mwaka 1972 hadi liliposimamishwa mwaka 2004.

Hapa ni lazima tueleze jambo linalowapotosha wengi. Kipimo cha mkononi kikiwa kimya juu ya ndoo ya maji, watu hudhani kwamba maji ni salama. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliweka mwongozo wa maikrogramu 30 za urani kwa lita moja ya maji ya kunywa. Katika lita hiyo, mipasuko ya urani-238 haifikii hata nusu kwa sekunde, na mionzi yake ya alfa haiwezi hata kutoka katika maji. Mwongozo huo haukuwekwa kwa sababu ya mionzi, bali kwa sababu urani ni metali nzito inayodhuru figo. Katika kisima, sumu ya kemia hutangulia. Katika shimo lisilo na hewa, mionzi ndiyo hutangulia. Metali ni ile ile, lakini madhara ni mawili, na njia za kujikinga ni mbili.

4. Maabara ya jenetiki: viumbe wanaopumua metali

Udongo wa mgodi si mfu. Mwaka 1976 bakteria mmoja alipatikana katika matope ya kiwanda cha zinki nchini Ubelgiji, akaitwa CH34. Leo jina la jamii yake ni Cupriavidus metallidurans. Max Mergeay na wenzake walionyesha kwamba, mbali na kromosomu zake, ana plasmidi mbili kubwa, yaani mviringo ya DNA inayobeba jeni za ziada. Jeni ziitwazo czc, zilizomo katika mojawapo, huelekeza utengenezaji wa pampu ya protini inayotupa kobalti, zinki na kadmi nje ya chembe. Bakteria huyu haharibu sumu. Anaifukuza nyumbani mwake.

Ardhi yetu iliingia mapema katika utafiti huo. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 1990, Ludo Diels na Mergeay walichukua vipande vya jeni hizo na kuvitumia kama chambo. Kipande cha DNA hushikana na kile kinachofanana nacho, kwa hiyo kikiwekwa alama huweza kuonyesha ni bakteria gani mwenye jeni hiyo. Walivijaribu kwa bakteria waliotoka katika udongo wa viwanda vya Ubelgiji na wa migodi kadhaa ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Bakteria wenye jeni za namna ile walipatikana kwa wingi.

Kwa upande wa urani, hatua kubwa ilitangazwa mwaka 1991, Derek Lovley na wenzake walipoonyesha kwamba baadhi ya bakteria huweza kuitumia urani-sita kama sisi tunavyotumia oksijeni: huikabidhi elektroni wanapopumua. Urani inayopokea elektroni hizo hugeuka urani-nne, huacha kuyeyuka, na hutua. Msomaji ataona kwamba hiyo ni safari ya mkemia iliyorudishwa nyuma. Mwaka 2011 kikundi cha Gemma Reguera huko Michigan kilionyesha kwamba bakteria wa jenasi ya Geobacter wakinyimwa nyuzi nyembamba zinazotoka juu ya mwili wao, hugeuza urani kidogo zaidi, na urani hiyo hutua ndani ya ukuta wa chembe na kuwadhuru.

Je, ujuzi huu unafaa nje ya maabara? Huko Rifle, katika jimbo la Colorado, mahali palipokuwa na kiwanda cha urani, watafiti walimwaga asetati ndani ya maji ya ardhini mwaka 2002 ili kuwalisha bakteria hao. Katika majuma machache urani majini ilipungua sana. Lakini baadaye bakteria wengine, wanaopumua salfeti, waliwazidi wale wa kwanza na kula asetati ile, na urani ikaanza kupanda tena. Funzo ni la wazi: bakteria ni mfanyakazi anayehitaji chakula na usimamizi, wala si dawa inayomwagwa mara moja.

Tuongeze onyo moja. Wapo bakteria wanaostahimili mionzi kwa namna ya ajabu, kama Deinococcus radiodurans, aliyegunduliwa mwaka 1956 katika nyama ya kopo. Huyu huishi baada ya kupigwa kwa grei 5,000, hali grei tano tu huweza kumwua mtu. Lakini kustahimili mionzi si kuiondoa. Hakuna kiumbe hai anayeweza kuharakisha mpasuko wa atomu ya urani wala kuuzuia. Bakteria hubadilisha mahali pa urani, hawabadilishi ukoo wake.

5. Maabara tatu, jibu moja

Tuchukue lundo moja la mabaki karibu na kijito. Mkemia akiwa peke yake atasema kwamba urani imefungwa na fosfati, na kwamba maji ni salama. Hataiona radoni inayotoka katika lundo lile lile. Mwanafizikia akiwa peke yake ataipima mionzi na kusema ni michache, bila kujua kwamba urani iliyoyeyuka inaelekea kisimani. Mjenetiki akiwa peke yake atafurahia bakteria wake, hali radiumu, isiyogeuzwa nao kwa njia hiyo, imebaki. Kila mmoja atakuwa amesema kweli, na mwanakijiji atakuwa amedanganywa.

Wala swali hili si la nadharia tupu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa wakazi wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia metali walikuwa na viwango vya juu zaidi vya kobalti na vya metali nyingine, urani ikiwamo.

6. Tamati: kazi ya lugha

Kazi ya wanalugha inaanzia hapo. Kwa mazoea, Kiswahili chetu huyaita mambo haya yote sumu, na watu huambiwa: mahali hapo pana sumu. Kauli hiyo inatisha, lakini haifundishi. Neno mionzi nalo hutumika kwa jua linalochomoza, na neno radi, ambalo wengine hulipendekeza kwa radiumu, tayari ni la ngurumo. Inafaa tushike neno unururifu kwa tabia ya atomu kupasuka, na tuliache neno sumu kwa madhara ya kemia.

Tofauti nyingine ni ya lazima zaidi. Kumulikwa na jiwe ni jambo moja: ukienda mbali nalo, kumulikwa kunakoma. Kuchafuliwa na vumbi lake ni jambo jingine: vumbi huondoka nawe, katika nguo, katika chakula, katika kifua, na kukufuata hadi nyumbani kwa watoto. Mchimbaji anayeelewa tofauti hiyo ataelewa kwa nini anaambiwa anawe kabla ya kula, abadilishe nguo kabla ya kuingia nyumbani, na asilale shimoni. Asiyeielewa ataona ni amri tu, na amri isiyoeleweka haidumu. Maabara tatu zinaweza kupata jibu. Lakini jibu hilo halitafika Likasi wala Kambove kama halina maneno ya kulibeba.