Masaka: Viwanda, Ardhi na Utawala Pembezoni mwa Kigali

Masaka ni tarafa ya wilaya ya Kicukiro, mojawapo ya wilaya tatu za Jiji la Kigali. Iko ukingo wa mashariki wa jiji, kwenye njia iendayo Rwamagana na kuteremka hadi Rusumo, mpakani mwa Tanzania. Isichanganywe na Masaka ya Uganda, mji mkubwa zaidi na mkongwe zaidi. Tarafa hii ina kata sita: Ayabaraya, Cyimo, Gako, Gitaraga, Mbabe na Rusheshe. Miteremko yake, iliyokuwa ya migomba, maharage na mihogo, sasa imejaa misingi ya nyumba, mabati mapya na barabara za udongo mwekundu zilizochongwa kwa kufuata ramani. Anayetaka kujua jinsi Rwanda inavyojenga jiji la viwanda atajifunza mengi zaidi hapa kuliko kwenye maghorofa ya vioo ya katikati ya mji.

Kasi ya ukuaji ni kubwa. Sensa ya mwaka 1991 iliikuta Kigali ikiwa na watu wasiofika laki tatu; ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,745,555. Wilaya ya Kicukiro peke yake ilitoka watu wapatao 319,000 mwaka 2012 hadi karibu 492,000 miaka kumi baadaye. Chicago, jiji la Marekani linalotajwa sana katika habari za viwanda, lilipita njia hiyohiyo: chini ya laki tatu mwaka 1870, milioni 1.7 mwaka 1900. Miji yote miwili iliongeza pia mipaka yake katika kipindi hicho, kwa hiyo si kila mtu aliyehesabiwa alihamia mjini. Kuna ambao mji uliwafuata walipo. Watu wa Masaka ni wa kundi hilo.

Kufanana kunaishia hapo. Chicago mageuzi ya utawala na maisha ya mji yalisukumwa kutoka chini na pembeni: waandishi wa magazeti, vyama vya wafanyakazi, wanawake kama Jane Addams aliyefungua nyumba ya Hull House mwaka 1889 katikati ya mitaa ya wahamiaji, na wapiga kura waliochoshwa na madiwani wala rushwa. Kigali mageuzi yanateremka kutoka serikalini. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 hapakuwa na taasisi za mji za kurekebisha. Zilipaswa kuundwa upya.

Mwaka 2006 mikoa 12 ya nchi ilifutwa, ikaundwa minne pamoja na Jiji la Kigali, na wilaya 106 zikawa 30. Chini ya wilaya kuna tarafa, inayoitwa umurenge, kisha kata, yaani akagari, na mwisho umudugudu wenye kaya mia moja na kitu. Mwaka huohuo ulianza utaratibu wa imihigo: viongozi wa wilaya hutia saini mbele ya Rais ahadi za mwaka, kilomita ngapi za barabara, kaya ngapi zenye bima, kisha hupimwa na kupangwa nani wa kwanza na nani wa mwisho. Jambo hili limewafanya watendaji kuwa wepesi kuliko wenzao wengi wa kanda hii. Limewafanya pia kuogopa kuripoti kwamba lengo halikufikiwa.

Kiwanda kinachojulikana zaidi Masaka ni cha Inyange, chenye maziwa, mtindi, maji na juisi. Maziwa yake huuzwa pia kwa kupimwa katika maduka maalumu ya mitaani, ambako mnunuzi huja na kidumu chake na kulipa kwa lita, bei ikiwa nafuu kuliko ya pakiti. Inyange ni ya Crystal Ventures, kampuni ya uwekezaji ya chama tawala cha RPF. Chama kinachotunga sera ya viwanda, basi, ni mfanyabiashara pia. Si mbali na hapo, Masoro katika wilaya ya Gasabo, liko Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali, ambako viwanda vilivyokuwa katika bonde oevu la Gikondo vilitakiwa kuhamia. Volkswagen ilianza kuunganisha magari huko mwaka 2018.

Kwa wafanyakazi, mageuzi yamekwenda kwa mguu mmoja. Bima ya afya ya jamii, mutuelle, ambayo kwa miaka mingi kaya nyingi zimeilipia faranga 3,000 kwa mtu kwa mwaka, imewafikia zaidi ya watu wanane katika kila kumi nchini. Masaka ina hospitali iliyojengwa kwa msaada wa China, na ndiko Hospitali Kuu ya Chuo Kikuu, CHUK, ilikopangiwa kuhamia kutoka katikati ya jiji. Mshahara ni habari nyingine. Kima cha chini kisheria, faranga 100 kwa siku, ni cha tangu miaka ya 1980 na hakinunui hata yai moja. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 ilimpa waziri kazi ya kupanga kipya. Hadi mwaka 2024 hakikuwa kimetangazwa.

Ardhi ndiyo inayogusa kila kaya. Sheria ya mwaka 1999 iliwapa watoto wa kike haki ya kurithi, na kati ya mwaka 2009 na 2013 viwanja zaidi ya milioni 10 viliandikishwa nchi nzima, kila kimoja na namba yake, majina ya mume na mke yakikaa pamoja kwenye hati. Hilo ni jambo kubwa, na mjane wa Rusheshe mwenye karatasi yake hanyang'anywi shamba kirahisi na mashemeji. Lakini hati haiamui kiwanja kitumike vipi. Mpango mkuu wa jiji, uliopitiwa upya mwaka 2020 na kutazama hadi 2050, ndio unaosema wapi pawe makazi, wapi viwanda, wapi pabaki kilimo. Mwenye shamba lililopakwa rangi ya kilimo kwenye ramani yake hapati kibali cha kujenga hata kama jirani yake wa ng'ambo ya barabara anapandisha ghorofa. Ardhi ikitwaliwa kwa manufaa ya umma, sheria ya mwaka 2015 inataka fidia ilipwe ndani ya siku 120 tangu iidhinishwe.

Malalamiko kuhusu ardhi na vibali husikika baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Saa mbili asubuhi maduka hufungwa, pikipiki za abiria husimama, watu wa miaka 18 hadi 65 hutoka na majembe kuzibua mitaro. Ikifika saa tano hukusanyika kivulini kwa mkutano, ambapo mkuu wa umudugudu hutoa matangazo na kupokea maswali: taa, maji, ulinzi wa usiku, ada ya taka. Yanayohusu mtaro hutatuliwa hapo. Yanayohusu mpango mkuu hupelekwa juu, na huko juu mkazi hana mwakilishi aliyemchagua kwa kura yake mwenyewe. Kwa sheria ya mwaka 2019 Kicukiro na wilaya nyingine mbili za Kigali zilipoteza mamlaka yao ya kisheria na mabaraza yao. Halmashauri ya jiji ina wajumbe 11, sita wakichaguliwa, si kwa kura ya moja kwa moja ya wakazi, wawili kutoka kila wilaya, na watano wakiteuliwa na Rais.