Jiwe Nyuma ya Gurudumu Si Breki: Tunza Hendibreki ya Gari Lako

Siku za soko mjini Wundanyi, magari huegeshwa kwenye miteremko huku wauzaji wa mboga wakiwa wamepanga bidhaa zao hatua chache chini yake. Mara nyingi utaona makanga akiruka chini gari likisimama, jiwe tayari mkononi. Jiwe hilo linatuambia jambo moja: breki ya mkono ya gari hilo haifanyi kazi. Likiteleza au likipigwa teke, hakuna kingine kinacholizuia gari.

Breki ya mkono hufanyaje kazi?

Ukivuta hendibreki, kebo huvuta wenzo ulio ndani ya magurudumu ya nyuma. Wenzo huo hupanua breki shuu, yaani vipande viwili vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga na kubandikwa utando mgumu. Shuu hukandamiza dramu kutoka ndani, na gurudumu halizunguki.

Katika Probox na Hiace nyingi, shuu hizo ndizo pia breki za kawaida za nyuma. Prado, na magari mengine mengi yenye diski nyuma, huwa na shuu ndogo za hendibreki peke yake, zilizofichwa katikati ya diski. Kwa hiyo breki ya mguu yaweza kuwa nzuri kabisa ilhali hendibreki imekwisha.

Dalili za kuangalia

• Wenzo wa hendibreki unapanda juu kuliko zamani.
• Gari linasogea kwenye mteremko hata baada ya kuvuta hendibreki.
• Gurudumu moja la nyuma linapata joto au linanuka kama kitu kilichoungua.
• Hendibreki ikiachiliwa, gari bado ni zito kuondoka.

Usikimbilie kukaza kebo

Kosa la kawaida ni kumwambia fundi akaze kebo tu. Wenzo utashuka kwa muda, lakini utando uliolika utabaki vile vile, na siku moja chuma kitasugua chuma. Anayekaza kebo bila kufungua dramu ameficha ugonjwa, hajautibu.

Kazi yenyewe inavyopaswa kufanywa

1. Gari liwe mahali tambarare. Magurudumu ya mbele yazuiwe pande zote mbili kabla ya kuachilia hendibreki. Liinuliwe kwa jeki kisha liketi juu ya stendi. Kamwe mtu asifanye kazi gari likiwa juu ya jeki peke yake.
2. Dramu ifunguliwe upande mmoja kwanza. Upande wa pili ubaki mzima ili fundi aone springi zinavyopangwa.
3. Vumbi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya hewa, kwa kuwa laweza kuwa na asbesto, inayoharibu mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.
4. Kukiwa na mafuta ndani, sili inayovuja ibadilishwe kwanza. Shuu mpya zikilowa mafuta hazitashika.
5. Shuu zibadilishwe pande zote mbili kwa pamoja, na springi zilizolegea au kushika kutu pia. Grisi isiguse utando.
6. Shuu zirekebishwe kwanza kwa gurudumu dogo lenye meno lililo ndani, kulingana na kitabu cha gari. Kebo hurekebishwa mwisho.

Baada ya hapo, lijaribu gari kwenye mteremko usio na watu, mguu ukiwa karibu na breki.

Magari ya uchukuzi wa umma na ya biashara hukaguliwa kila mwaka na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi Barabarani (NTSA). Lakini cheti huonyesha hali ya gari siku ya ukaguzi tu. Shuu huendelea kulika, hasa kwenye barabara za vumbi na matope.

Madereva wanahimizwa kuvuta hendibreki kila wanapoegesha, hata kwenye tambarare, kwa sababu kebo isiyotumika hushika kutu na kukwama. Kwenye mteremko, weka gia na uelekeze magurudumu ya mbele ukingoni mwa barabara. Ukilazimika kutumia jiwe, liondoe unapoondoka. Jiwe lililoachwa barabarani huwa ajali ya mwendesha bodaboda anayekuja usiku.