"She eats", "they eat": ile s huwekwa wapi?

Tukisema "ng'ombe anakula" au "ng'ombe wanakula", idadi tunaijua kwenye kitenzi, maana neno ng'ombe halibadiliki. Kiingereza nacho kina jambo hilo, ila kidogo tu. I eat, you eat, we eat, they eat: kitenzi ni kilekile, ndiyo maana lazima umtaje mtendaji. Ni nafsi ya tatu umoja pekee, yaani he, she au it, inayodai s: she eats.

Wengi wetu tunateleza hapo, hata kwenye barua ya kuomba kazi, kwa kuwa tumezoea s ni ya wingi. Kwenye kitenzi ni kinyume: the cow eats ni mmoja, the cows eat ni wengi. Ukikanusha, s inahamia kwenye does: she does not eat, si does not eats.