"Ni mvuke tu, Mama"

Mama mmoja wa Mbamba Bay alitujia na kitu alichokikuta katika begi la mwanawe aliyekuwa likizo. Alidhani ni kalamu nene ya rangi. Kilinukia embe. Alipomwuliza kijana, alijibiwa bila woga: "Mama, hii siyo sigara. Ni mvuke tu."

Wasomaji wapendwa, kijana huyo hakuwa anadanganya. Aliamini alichosema, na hapo ndipo ilipo hatari.

Kifaa hicho ni sigara ya kielektroniki, ambayo vijana huiita vepu. Hatusemi kwamba imeenea kila kijiji cha Nyasa na Umatengo. Kwa mwenye pesa kidogo, sigara ya kununua moja moja bado iko karibu zaidi. Lakini wanafunzi wetu huenda Dar es Salaam na kurudi, na mambo ya mjini hurudi pamoja nao.

Ndani yake mna betri, waya unaopata moto, na maji mazito yenye manukato. Mtu anapovuta, waya huyapasha moto yakatoka kama wingu. Wingu hilo si mvuke wa birika la chai. Ni matone madogo mno ya kemikali, na huweza kubeba chembe za risasi na nikeli. Sisi wa ziwani tunayajua yale mawingu yanayosimama juu ya maji, ambayo mgeni hudhani ni moshi; mtumbwi ukikaribia, kumbe ni wadudu, na wanaingia hadi puani.

Kubwa zaidi ni nikotini. Kwa kawaida hutolewa katika jani la tumbaku, jani lile lile wanalolima jirani zetu wa Namtumbo. Hufika ubongoni kwa sekunde chache, moyo hupiga mbio, na baadaye mwili huanza kuidai. Ubongo huendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi, kwa hiyo kijana hunaswa upesi. Na wengi hawajui kwamba wanaivuta. Huko Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 2018 uliwauliza watumiaji wa vepu za Juul wenye miaka 15 hadi 24: asilimia 63 hawakujua kwamba vepu hizo huwa na nikotini daima.

Tuseme kweli: mfamasia wa China, Hon Lik, aliyebuni kifaa hiki mwaka 2003, alikuwa mvutaji wa sigara aliyetaka kuacha. Kwa mvutaji wa siku nyingi, sumu zake ni chache kuliko za moshi wa sigara. Lakini mtoto ambaye hajawahi kuvuta anaacha nini? Yeye anaanza. Mwaka huo huo wa 2003 Tanzania ilitunga sheria inayokataza kuwauzia tumbaku walio chini ya miaka 18. Uganda ilikwenda mbali zaidi mwaka 2015, ikapiga marufuku vepu zenyewe.

Nyumbani, chupa ya maji hayo isiachwe mtoto mdogo anapofika. Akiyanywa, mpelekeni hospitali mara moja, pamoja na chupa yake.

Yule mama hakumpiga mwanawe. Alimwambia, "Kama ni mvuke tu, baba, nikuwekee siku tatu." Siku ya pili kijana alikuwa mkali kwa wadogo zake, kichwa kinamwuma. Usiku mama alimsikia akipekua kabati.