Kioo cha simu kina pikseli ngapi?

Picha yoyote inayoonekana kwenye simu, kompyuta au televisheni imejengwa kwa nukta ndogo sana za mwanga ziitwazo pikseli. Kwa kawaida pikseli ina vijisehemu vitatu, chekundu, cha kijani na cha buluu, na kadiri kila kimoja kinavyowaka kwa nguvu au kufifia ndivyo rangi zinavyopatikana kwa mamilioni. Resolusheni ni hesabu ya pikseli hizo kwa upana na kwa urefu. Kompyuta mpakato nyingi za miaka ya nyuma zina pikseli 1366 kwa 768, yaani milioni 1 na kidogo. Zenye 1920 kwa 1080 hupita milioni 2, na televisheni za 4K, zenye 3840 kwa 2160, hufika karibu milioni 8.3.

Hesabu hiyo peke yake haitoshi kujua kama picha itakuwa safi. Pikseli zilezile zikitandazwa kwenye kioo kikubwa, kila moja hunenepa na jicho huanza kuiona. Simu ya inchi 6.5 yenye pikseli 720 kwa 1600 ina pikseli kama 270 katika kila inchi. Televisheni ya inchi 43 yenye 1920 kwa 1080 ina 51 tu, na bado haichukizi, kwa kuwa mtu huitazama akiwa ameketi mita kadhaa mbali nayo.

Katika soko la Jebel, magharibi ya Juba, kama ilivyo katika masoko mengi ya Afrika Mashariki, mnunuzi hukutana kwanza na maandishi ya kwenye boksi. Bidhaa nyingi za Juba hupanda kutoka Uganda kwa barabara ya Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, zikiwa zimeshapita mikononi mwa wafanyabiashara kadhaa, na boksi si lazima liwe limesafiri na kifaa chake. Tena maandishi yenyewe yana ujanja. Kwenye simu, HD+ kwa kawaida ni upana wa pikseli 720, na FHD+ ni 1080. Projekta za bei nafuu ndizo mbaya zaidi: iliyoandikwa kwamba inakubali 1080p huenda inapokea tu picha ya kiwango hicho, kisha inaibana ienee kwenye pikseli zake 800 kwa 480. Megapikseli za kamera nazo ni habari nyingine kabisa. Simu inaweza kupiga picha ya megapikseli 50 huku kioo chake kikiwa na pikseli milioni 1 na ushei.

Kipimo cha kuaminika zaidi kimo ndani ya simu yenyewe. Kwenye simu nyingi za Android, bonyeza kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti ili kupata picha ya skrini, ifungue kwenye galari, kisha tazama maelezo yake. Ikiandikwa 720 × 1612, hiyo ndiyo resolusheni inayotumika. Simu chache za bei kubwa humruhusu mtumiaji kuishusha ili kuokoa chaji, kwa hiyo kwenye hizo ni vizuri kupitia mipangilio ya skrini kabla ya kupima.

Kwa simu iliyokwishatumika kuna swali la pili: je, kioo ni cha asili? Kioo cha OLED kikivunjika, mafundi wengine huweka cha LCD kwa sababu ni rahisi. Fungua picha nyeusi tupu mahali penye giza. Kwenye OLED pikseli nyeusi huzimika kabisa. Kwenye LCD taa iliyo nyuma ya kioo huendelea kuwaka, na weusi huonekana wa kijivujivu.

Kwenye kompyuta ya Windows, bofya kulia mahali patupu pa skrini ya mwanzo, kisha chagua mipangilio ya onyesho. Resolusheni iliyowekewa alama ya kupendekezwa ndiyo ya kioo chenyewe, na haifai kuguswa. Wengi wakiona maandishi ni madogo huishusha. Maandishi hukua kweli, lakini hupata ukungu, maana picha ya pikseli chache inalazimishwa kuenea kwenye pikseli nyingi zisizolingana nayo. Dawa ni kupandisha kipimo cha ukubwa hadi asilimia 125 au 150. Kama ukungu umeanza mara tu baada ya Windows kuwekwa upya, mara nyingi draiva ya grafiki haijasakinishwa. Kwenye Android, kazi ya kukuza maandishi hufanywa na mipangilio ya ukubwa wa maandishi na ya ukubwa wa vitu kwenye skrini.

Mwangaza una gharama yake. Juba iko takriban nyuzi 5 kaskazini ya ikweta, na jua lake la mchana humlazimisha mtu kupandisha mwangaza hadi mwisho, wakati mwanga wa skrini ni miongoni mwa walaji wakubwa wa chaji. Kwa anayechajisha kwa sola au jenereta, afadhali mwangaza ujirekebishe wenyewe, maana mtu akisharudi kivulini husahau kuupunguza. Mandhari meusi huokoa chaji kwenye OLED. Kwenye LCD hayasaidii lolote la maana. Simu yenye kasi ya skrini ya hezi 90 au 120 ikirudishwa 60, nayo hupumua kidogo.

Bando ndilo huliwa bila mtu kujua. Video ya 1080p kwenye simu yenye upana wa pikseli 720 hupakuliwa yote, kisha hupunguzwa ienee kwenye kioo, na MB za ziada zimekwenda bure. Kwenye YouTube chagua 480p, au 720p panapohitajika. Kwa mtu anayenunua simu ya kupigia, kutuma ujumbe na kutazama video, kioo cha 720 kinatosha, na pesa ya kuongeza ni afadhali iende kwenye betri.