UKIFIKA KLINIKI, USINYAMAZE



Wengi wenu mnatuuliza sisi wahudumu wa jamii kwa nini mtu anafika kliniki saa moja asubuhi na kurudi nyumbani saa tisa, na kwa nini aliyekuja nyuma yake ameitwa mbele yake. Mnasema ni upendeleo. Si kila mara. Leo nataka tuelezane jambo hilo, maana kutolijua kulikaribia kumwua mtoto wa mama yangu mdogo.

Siku hiyo mama mdogo alikuja na mtoto wa miaka miwili mgongoni, amemfunika kitenge. Mimi ndiye niliyekuwa nikipanga watu. Nikamwonyesha mwisho wa mstari, tena kwa ukali kidogo, ili watu wasiseme nawapendelea ndugu zangu. Mbele yake walikuwapo watoto waliolia kwa nguvu, na wote tuliwahurumia hao. Wa kwake alikuwa kimya, tukadhani amelala. Muuguzi mmoja aliyekuwa akipita ndiye aliyefunua kitenge. Mtoto hakuwa amelala, alikuwa hawezi kuamka. Ilikuwa malaria kali, na damu imepungua sana. Alipelekwa Mbarara akaongezwa damu. Yuko hai. Lakini alikaa mstarini saa mbili nzima, mimi nikimwona.

Kwa hiyo jua hili: mtoto anayelia bado ana nguvu. Wa kuogopewa ni yule aliyenyamaza. Kama mtoto wako hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri, usikae mstarini. Nenda moja kwa moja mlangoni useme kwa sauti. Fanya hivyo pia kwa mtoto anayepumua mbio huku kifua kikiingia ndani, kwa mama mwenye mimba anayetoka damu au anayeumwa kichwa sana na kuona giza, kwa aliyeumwa na nyoka, na kwa yeyote anayeharisha maji meupe kama maji ya mchele. Hao huonwa kwanza. Nanyi mlio mstarini, wapisheni bila kunung'unika, kesho atakuwa wa kwako.

Wengine huchelewa kwa sababu ya pesa. Kule kwetu Kongo tumezoea kulipa fishi kabla ya kuonwa, na tunawajua akina mama waliozuiliwa hospitali baada ya kuzaa mpaka familia ilipe deni. Hofu hiyo tumevuka nayo mpaka. Hapa Uganda vituo vya serikali viliacha kuwatoza wagonjwa mwaka 2001, na kliniki za kambini nazo hazitozi. Mtu akikuomba chochote ili umwone mganga au upigwe sindano, usimpe. Mwambie mwenyekiti wa kijiji chako, au andika na kutia katika sanduku la malalamiko. Si lazima uandike jina lako.

Ukija, chukua daftari lako la matibabu, kadi ya chanjo ya mtoto, na karatasi yako ya ukimbizi. Chukua pia dawa zote ulizokwisha kumeza, hata za dukani, hata za mitishamba. Hakuna atakayekucheka. Mganga asipojua ulichokunywa jana anaweza kukuongezea kilekile.

Sasa habari ya malaria. Ukiwa na homa utatobolewa kidole, na jibu hupatikana baada ya dakika 15 au 20. Likionyesha hakuna malaria, homa inatoka mahali pengine, na mganga atatafuta. Usigombe kwamba umenyimwa dawa. Likionyesha ipo, mtu mzima hupewa vidonge 24: 4 mara moja, vingine 4 baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata. Meza pamoja na chakula, hata uji wenye maziwa au karanga, maana tumbo tupu haliipokei dawa hiyo vizuri. Ukitapika kabla ya saa moja kupita, rudia kipimo, kisha uje uongezewe ili vidonge vyako vitimie. Mama mwenye mimba aseme mapema kwamba ana mimba. Siku ya pili utajisikia umepona, na hapo ndipo wengi huweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya homa nyingine, au huviuza sokoni. Wadudu wamebaki ndani ya damu, watarudi. Tena usimpe mdogo wake dawa ya mkubwa, kwani mtoto hupimwa kwa kilo zake.

Mnasema kila ugonjwa hapa ni Panadol. Kuna siku ni kweli. Tangu misaada ilipopunguzwa mwaka 2025 kuna dawa zinazokwisha kabla ya mwezi kwisha, na watumishi ni wachache. Ikitokea hivyo, mwombe mganga aandike jina la dawa katika daftari lako na akuambie urudi lini. Usiende kununua kwa kubahatisha.

Ukipewa barua ya kwenda hospitali kubwa, nenda na mtu wa kukuuguza. Huko mgonjwa hupikiwa na watu wake, basi beba sufuria, unga, blanketi na dumu la maji.

Jambo lingine tulitaje bila aibu. Aliyebakwa, mwanamke au mwanamume, aje kliniki mara moja, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI. Akichelewa aje tu, bado kuna matibabu. Aanze kwa mganga, mambo ya polisi yatafuata akitaka. Omba mkalimani mtu mzima, wa jinsia unayoitaka. Usimtumie mtoto wako kutafsiri mambo kama hayo.

Hatari ikitokea usiku, mwamshe mhudumu wa afya wa kijiji chako, au jirani mwenye pikipiki. Usingoje kupambazuke. Mtoto akiwa macho, endelea kumnyonyesha njiani. Akiwa katika degedege, mlaze ubavu, mfungulie nguo za shingoni, na usimtie kitu mdomoni, iwe kijiko, maji au dawa.