Mpige Picha Mpenzi Wako, Usimbadili Rangi

Mnatafuta hobi ya watu wawili isiyomaliza mshahara? Jaribuni kupiga picha. Na kama mnaishi Kitete, pale Tabora mjini, mandhari mnayo jirani.

Siku hizi simu inatosha. Zamani ilikuwa kazi kwelikweli! Mwaka 1860 James Grant alitoka Zanzibar na John Speke kuelekea bara, akiwa na kamera. Vioo vya picha aliviandaa mwenyewe ndani ya kihema chenye joto kali, hadi Speke akahofia kwamba mwenzake atakufa. Kamera ikarudishwa Pwani, Grant akaendelea kwa kuchora.

Baadaye zikaja kamera za mkanda. Mkanda wa picha 36 ulimfundisha mtu kuchagua, maana ukibonyeza ovyo, hela ya kusafisha imekwenda. Hilo ndilo la kuiga. Jumamosi moja nendeni Kwihara, nje ya mji, walipokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Jiwekeeni picha 36 tu, kila mmoja 18. Pigeni asubuhi au jioni. Jua la utosini hutia macho kivuli. Likiwa kali, msimamishe mwenzako chini ya mwembe, uso ukielekea kwenye mwanga.

Mkirudi nyumbani, kuna programu za bure za kuhariri, kama GIMP. Nyoosha picha iliyopinda, kata pembeni pasipo na kazi, ongeza mwanga kidogo. Basi, ishia hapo.

Wengi huendelea hadi ngozi ikawa nyeupe. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na mtu mweusi akatoka giza tupu, meno na macho tu. Wakati ule lawama ilikuwa ya mitambo. Leo kamera inaiona rangi yetu vizuri, kisha sisi wenyewe tunaichubua kwa kidole! Wewe unadhani umempamba. Yeye anaweza kuelewa kwamba alivyo hakutoshi. Kabla hujairusha picha yake, mwonyeshe kwanza.

Mwisho, chagueni tatu bora mkazisafishe, mziweke kwenye albamu na tarehe nyuma. Simu huibiwa, huanguka, hufa. Siku moja mtoto wenu atataka kumwona mama yake alivyokuwa, na rangi yake ileile.